Tairi Linapoishiwa Upepo: Historia ya Kusimama Salama Njiani

Ukivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera, ukitokea Tanzania na kuingia Rwanda, mambo mawili hubadilika karibu mara moja. Gari huacha mkono wa kushoto wa barabara na kushika mkono wa kulia, na tairi huacha kuitwa tairi, likaitwa ipine. Neno hilo la Kinyarwanda lina asili ya Kifaransa, kama vile tairi lilivyo na asili ya Kiingereza. Waganda nao husema omupiira, na hapo sikio la Mswahili halihitaji mkalimani, kwa maana mpira kwetu ni jina la mmea utambaao wa mwituni, tena ni jina la utomvu wake, tena ni jina la kile wachezacho watoto uwanjani. Majina haya matatu, ndugu msomaji, yanakuonyesha kwamba gurudumu la upepo lilitufikia watu wa eneo hili kwa milango mbalimbali. Ila pancha inapotokea, ni ileile kila upande wa mto.

Nimekusudia kukusimulia habari za pancha na jinsi wanadamu walivyojifunza, polepole na kwa gharama ya damu, kusimama njiani bila kufa. Tairi likishaisha upepo na gari likishasimama, pancha yenyewe haina tena nguvu ya kumdhuru mtu. Kinachodhuru ni yale yafuatayo: jeki inayoteleza, ringi inayoruka, na zaidi ya yote lori linalokuja nyuma kwa kasi, dereva wake asijue kwamba mbele yake njia imezibwa.

Gurudumu la kale halikujua pancha. Lilikuwa la mti, limevikwa pete ya chuma, na aliyesafiri juu yake alitikisika hadi mifupani. Mwaka 1845 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipata hataza ya gurudumu lenye mrija wa mpira uliojazwa upepo na kufunikwa kwa ngozi. Uvumbuzi ule ulikuja mapema mno. Motokaa haikuwapo, baiskeli iliyofaa ilikuwa haijapatikana, na mpira ulikuwa ghali, watu wakausahau. Miaka zaidi ya arobaini ilipita, ndipo Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipofunga mrija wa upepo katika magurudumu ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Alipata hataza mwaka 1888, nayo ikabatilishwa baadaye ilipogunduliwa kwamba Thomson alikuwa amemtangulia.

Hapo pancha ikaingia katika historia. Tairi za kwanza za Dunlop zilibandikwa kwenye ringi kwa gundi, na aliyepata tundu dogo alilazimika kubandua, kuziba, kubandika upya na kungoja gundi ikauke. Ndugu wawili wa Clermont-Ferrand nchini Ufaransa, Édouard na André Michelin, waliona kwamba tatizo kubwa halikuwa tundu lenyewe bali muda wa kulishughulikia. Mwaka 1891 wakatoa tairi la baiskeli linaloweza kuvuliwa na kuvikwa, na mwaka huohuo mwendesha baiskeli Charles Terront akashinda nalo mashindano ya Paris hadi Brest na kurudi. Mwaka 1895 wakajaribu upepo kwenye motokaa, katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi. Pancha ziliwasimamisha mara nyingi mno, nao wakaachwa nyuma na waliokwenda kwa magurudumu magumu. Hata hivyo, hoja yao ilieleweka: gari zito laweza kubebwa na upepo, mradi dereva awe tayari kushuka na kukunja mikono ya shati.

Katika vitabu vingi vya magari hadithi huruka kutoka hapo moja kwa moja hadi viwandani. Sisi wa upande huu wa Afrika hatuna haki ya kuruka hivyo. Tairi za baiskeli, na kisha za motokaa, zilidai mpira, na mpira wa wakati ule ulitoka misituni. Pwani yetu ya mashariki ilikuwa ikiuza mpira wa mwituni tangu kabla ya mwisho wa karne ya 19, lakini aliyenufaika kupita wote alikuwa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliyemiliki Dola Huru ya Kongo kama shamba lake binafsi tangu mwaka 1885. Wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema, kila mmoja na kiasi alichopangiwa. Wake zao walizuiliwa kama rehani hadi mzigo utimie. Kijiji kilichokaidi kilishambuliwa na jeshi la dola, na askari walitakiwa kuleta mikono iliyokatwa ili wathibitishe kwamba risasi hazikupotea bure. Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli, alibaini kwa kutazama shehena tu: meli zilikuja Antwerp zimejaa mpira na pembe, zikarudi Kongo na bunduki na risasi, wala hapakuwa na bidhaa za kumlipa mgemaji. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 na picha zilizopigwa na Alice Seeley Harris zikakamilisha ushahidi, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa milki ile, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Nimeitaja habari hii si kwa kuzunguka. Tairi lililowekwa nyuma ya gari lako ni sehemu ya historia ya jirani yetu wa magharibi, na mwanafunzi wa uraia anapaswa kuijua hata kama hatawahi kushika usukani.

Turudi barabarani. Mwanzoni mwa karne ya 20 magurudumu ya motokaa hayakuwa yakifunguliwa kirahisi. Dereva aliyepata pancha alilichomoa tairi palepale njiani kwa vyuma, akatoa mrija, akaziba, akarudisha, akapiga pampu kwa mikono, magari mengine yakimpita. Thomas Morris Davies wa mji wa Llanelli, katika nchi ya Wales, alitoa mwaka 1904 suluhisho lililobadilisha kazi hiyo: ringi yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo, ambayo ilifungwa ubavuni mwa gurudumu bovu. Duka lilikuwa katika mtaa wa Stepney, na hadi leo India tairi la akiba huitwa stepney. Faida ya uvumbuzi ule haikuwa starehe peke yake. Ulipunguza muda ambao mtu anachuchumaa kando ya njia, na kila dakika iliyopunguzwa pale ni dakika moja ya hatari iliyoondolewa.

Kwetu, mtihani mkubwa ulikuja kwa sababu za siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia ya Kusini. Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia huko, ilikatiwa mafuta kabla ya mwaka kwisha. Ndege zikaanza kubeba mapipa, na malori yakaanza safari kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma na kuendelea kusini. Yalikwenda na mafuta, yakarudi na shaba. Njia nyingi ilikuwa ya changarawe na vumbi, na masika yalipofika ikawa tope. Waingereza waliipa jina la Njia ya Jehanamu, na waliopita huko hawakulipinga. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968 mzigo ukapungua, na mapema katika miaka ya 1970 lami ikakamilika. Lakini katikati ya hapo kilizaliwa kizazi cha madereva na matingo waliojifunza kazi ya tairi kwa njaa na baridi ya nyanda za juu, mbali na karakana yoyote.

Ufundi wao ulikuwa na hatari ambayo vijana wa leo hawaijui vizuri. Gurudumu la lori la enzi ile, na mengine yangalipo hata sasa, halikuwa kipande kimoja. Lilikuwa na ringi na pete ya chuma ya kufungia inayolishika tairi lisitoke. Pete hiyo isipokaa vyema katika mfereji wake, upepo ukijazwa huisukuma hadi ichomoke, nayo huruka kwa nguvu za kukata kichwa. Fundi mwenye busara huingiza gurudumu ndani ya kizimba cha chuma kabla ya kujaza, hutumia mpira mrefu wa pampu, na yeye mwenyewe husimama mbali, pembeni. Marekani ilitunga kanuni maalumu ya kazi hii mwaka 1980, baada ya mafundi wengi kuuawa. Ukimwona kijana wa pancha kando ya kituo cha malori ameinama juu ya gurudumu la namna hiyo huku upepo ukiingia, mwite kwa upole asogee. Huo si ujuaji. Na wewe mwenyewe usisimame hapo kutazama.

Sasa tuje kwenye matawi. Popote uendapo, kutoka Malaba hadi Kabanga, dereva aliyekwama hukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani, machache kwanza, kisha mengi kadiri unavyokaribia gari. Ni lugha isiyo na shule, na inaeleweka na Mganda, Mrundi na Mkongo bila tafsiri. Naiheshimu. Lakini ina kasoro mbili ambazo lazima zisemwe. Ya kwanza, majani hayang'ai usiku. Ya pili, mawe yanayowekwa pamoja na matawi husahaulika. Lori hutengenezwa, dereva hushukuru Mungu na kuondoka, na mawe hubaki katikati ya lami yakimngoja mwenye pikipiki atakayepita saa nane za usiku.

Ndiyo maana ulimwengu ulikubaliana juu ya pembetatu nyekundu inayoakisi mwanga. Mkataba wa Vienna kuhusu Usafiri wa Barabarani, uliofikiwa tarehe 8 Novemba 1968 na kuanza kutumika mwaka 1977, ulitaka gari lililosimama mahali pa hatari litangazwe kwa wanaokuja lingali mbali. Umbo lilichaguliwa kwa hekima: pembetatu yenye ukingo mwekundu tayari ilikuwa alama ya hatari katika vibao vya barabarani, na haitaji herufi hata moja. Askari wanapokuuliza pembetatu kwenye vizuizi vyetu, wengi hunung'unika kwamba ni kisingizio cha kutafuta kosa. Pengine huwa hivyo siku nyingine. Hata hivyo fanya hesabu nami. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde moja. Ukiweka pembetatu hatua kumi nyuma ya gari lako, kama wengi wafanyavyo, umempa anayekuja chini ya nusu sekunde kutoka kwenye alama hadi kwenye bampa lako. Hata mguu wake hautakuwa umefika kwenye breki. Tembea basi, hatua mia na zaidi, ukiwa kwenye majani na si kwenye lami, huku umeishika pembetatu mbele ya kifua ikiwatazama wanaokuja. Palipo na kona au kilele cha mlima, iweke kabla ya kona au kabla ya kilele, ili mtu aione kabla hajaliona gari.

Hapo ndipo Rusumo inapotufaa tena. Rwanda na Burundi, kama Kongo, zilirithi mkono wa kulia kutoka kwa Wabelgiji. Tanzania, Uganda na Kenya zikabaki na mkono wa kushoto wa Waingereza. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa Aprili 2016, na malori mengi ya mzigo wa Kigali, yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam, hupita hapo. Fikiri juu ya dereva wa Kitanzania ambaye usukani wake uko kulia. Kwao, akifungua mlango wake anashukia upande wa magari yanayopita, na amezoea kutazama kioo kabla ya kushuka. Akivuka mto, mlango wake unafungukia majani, naye yuko salama. Lakini utingo wake, ambaye maisha yake yote amekuwa akishukia majani bila wasiwasi, sasa anarukia katikati ya barabara. Vivyo hivyo kwa magurudumu. Tanzania tairi la kulia ndilo linalokuweka mgongo kwa magari. Rwanda ni la kushoto. Mazoea ya mwili hayaulizi pasipoti. Sisi tuishio magharibi ya Kagera hupatwa na jambo lilelile tukienda mashariki, kinyume chake. Kabla hujashuka, sema kwa sauti upande wa hatari ni upi. Utaonekana mjinga mbele ya abiria wako, na si vibaya.

Kuhusu mwendo wenyewe, tairi likipasuka gari likiwa kasini, shika usukani kwa mikono yote miwili na uzuie shauku ya kukanyaga breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, acha gari lipunguze mwendo lenyewe, kisha elekea nje ya lami. Waliokulia katika magari mabovu hujua kwamba ringi ni ya kununua. Afadhali uiharibu kwa kusogea mita mia mbili hadi penye uwanja kuliko kubadili tairi kwenye kona ya mlima Kitonga. Washa taa za tahadhari, vuta breki ya mkono, ingiza gia. Abiria wote washuke upande wa majani na wasogee mbali, juu ya ukingo kama upo, wasikae ndani ya gari wala wasijipange nyuma yake wakiziba taa. Mama mwenye mtoto asiachwe kwenye kiti kwa sababu mvua inanyesha. Mvua haijamgonga mtu.

Weka kabari au jiwe kwenye gurudumu lililo mkabala kimshazari na lile bovu. Legeza nati kidogo kabla ya kuinua, kwa sababu nguvu unayotumia kulegeza ndiyo inayoangusha gari kwenye jeki. Jeki isimame juu ya ardhi ngumu. Kwenye mchanga tia ubao chini yake. Lisukume tairi la akiba chini ya bodi karibu na jeki, ili gari likianguka likutane na tairi na si na mguu wako, na usiingize mwili chini ya gari kwa sababu yoyote. Nati zifungwe kwa kuruka upande hadi upande, si kwa kufuatana, kisha zikazwe kabisa gari likiwa limeshuka. Kama ni usiku, na huna mwanga, na unaona hapafai, ondoka na abiria wako hadi mahali penye watu. Gari laweza kulindwa na pembetatu mpaka asubuhi.

Jambo jingine linawahusu wanaoishi kando ya barabara. Lori la mafuta lililosimama au kulala si sherehe. Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, watu zaidi ya 200 waliteketea baada ya lori la namna hiyo kupinduka. Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya 100 walikufa vivyo hivyo wengi wakiwa wamekuja kuchota petroli. Hata kama unaona ni tairi tu limepasuka na tangi halivuji, watoto warudishwe nyumbani, na sigara na jiko la chai viwe mbali.

Ukimaliza kazi, rudi kwa miguu ukachukue pembetatu yako, kwa tahadhari ileile uliyoiwekea. Kama ulitumia matawi, yaondoe. Kama kulikuwa na jiwe, libebe hadi mtaroni. Kisha, ukienda kilomita hamsini hivi, simama mahali pazuri ukakaze nati mara ya pili, maana gurudumu jipya hukaa sawasawa baada ya kutembea, na nati zilizokuwa ngumu asubuhi huweza kulegea mchana. Tairi bovu lipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, kabla giza halijaingia.